Wake wa Wapagazi, Wajane wa Askari: Wanawake wa Wakati wa Vita katika Hadithi za Kihistoria

Riwaya ya kihistoria ni hadithi ya kubuni iliyojengwa juu ya mambo yaliyotokea kweli. Mwandishi huchukua kipindi kinachojulikana, pamoja na watawala wake, sheria zake, njaa zake na bei zake za sokoni, kisha humweka ndani yake mtu ambaye pengine hakuwahi kuishi lakini angeweza kuishi. Kipindi hicho kinapokuwa cha vita, msomaji hutarajia majemadari na bunduki. Lakini zipo hadithi zinazoanzia kwingine: shambani, kisimani, sokoni na mlangoni pa ofisi ya mkuu wa wilaya, mahali ambapo wanawake walihakikisha kwamba vita vikiisha, kutakuwa bado na mji wa kurudiwa.

Kakamega, magharibi ya Kenya, ni mahali pazuri pa kuzielewa hadithi za aina hiyo. Katika vita vyote viwili vya dunia, eneo hili halikuwa uwanja wa mapambano. Vita vilifika kwa njia ya majina yaliyoandikwa na chifu, wanaume walioondoka wakiwa kundi, na habari zilizochelewa au ambazo hazikufika kabisa. Mji wa Kakamega ulikuwa makao makuu ya wilaya ya Kavirondo ya Kaskazini tangu mwaka 1920, wilaya iliyokusanya sehemu kubwa ya nchi ya Abaluyia (Waluhya), na karatasi za utawala huo zimejaa hesabu za wanaume: waliopelekwa kazini, waliolipa kodi, waliojiandikisha jeshini. Wanawake hutokea mara chache, na mara nyingi hutokea kwa sababu wamelalamika.

Pengo hilo linaonekana hata katika kumbukumbu za hadhara. Mnara wa Askari uliosimikwa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1920 una sanamu tatu za wanaume, mmoja wao akiwa mpagazi. Aliyelima shamba la mpagazi huyo akiwa vitani hana sanamu. Kazi ya kumwonyesha imeangukia masimulizi ya wazee, wanahistoria wachache, na waandishi wa hadithi.

Ngome za Lumboka na Chetambe

Kabla ya vita hivyo vya dunia, mapigano yalikuwa yamefika karibu. Mwaka 1895 utawala wa Kiingereza, ukiongozwa katika eneo hili na C. W. Hobley kutoka Mumias, uliwashambulia Wabukusu, jamii mojawapo ya Abaluyia, katika ngome za Lumboka na Chetambe, hii ya pili ikiwa karibu na Webuye ya leo. Jeshi la uvamizi lilikuwa na askari wa Kisudani wakisaidiwa na wapiganaji wa Wanga, Waganda na Wamaasai, na lilikuja na bunduki za kisasa. Ngome za Wabukusu zilizungukwa na kuta za udongo na mahandaki, na ndani yake ziliishi familia nzima pamoja na mifugo na akiba za nafaka. Kwa hiyo, ngome ilipoanguka, wanawake na watoto walikuwa katikati ya mapigano. Baadhi ya waliosalia walichukuliwa mateka pamoja na ng'ombe.

Vita vya aina hii vya kupinga ukoloni vimeandikwa vizuri katika fasihi ya Kiswahili, hasa katika tamthilia. Ebrahim Hussein aliandika *Kinjeketile* (1969) kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 katika Tanganyika. Tamthilia hiyo haianzi na wapiganaji. Inaanza na wanawake wawili, Bibi Kitunda na Bibi Kinjeketile, wakizungumza juu ya njaa na juu ya wanaume wanaotumikishwa katika shamba la Mjerumani. Kabla mtazamaji hajasikia habari za maji ya kuzuia risasi, amekwisha kuona chungu kitupu na binti, Chausiku, akichukuliwa kwa nguvu. Sababu ya vita imeelezwa kwa macho ya wanawake, na hilo ndilo linalofanya uamuzi wa wanaume wa kupigana ueleweke.

Historia ya Kenya ina mwanamke aliyeongoza mapambano waziwazi, Mekatilili wa Menza wa Wagiriama. Mwaka 1913 alikamatwa na kupelekwa kifungoni Kisii, magharibi ya nchi, naye akatoroka na kurudi pwani. Mashujaa wa namna yake huvutia waandishi. Hata hivyo walio wengi hawakuongoza jeshi lolote, na riwaya ya kihistoria hupimwa kwa jinsi inavyoweza kumfanya msomaji amjali mwanamke ambaye hakuna barabara iliyopewa jina lake.

Kariakoo, 1914 hadi 1918

Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika Afrika Mashariki mnamo Agosti 1914, Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi yenye barabara chache na mbung'o wengi, ambao waliua farasi, nyumbu na ng'ombe. Mizigo ikahamia vichwani mwa watu, yaani wapagazi wa Carrier Corps, jina lililotamkwa Kariakoo. Katika upande wa Uingereza waliandikishwa karibu watu milioni moja, na hesabu rasmi za wapagazi waliokufa zinapita 90,000. Wengi zaidi waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na lishe mbaya kuliko risasi. Mwaka 1917 John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Nyanza, alikabidhiwa uandikishaji wa watu wengi kwa mara moja, na machifu wa Nyanza, wakiwemo wa Kavirondo ya Kaskazini, wakatakiwa kutoa vijana.

Kijana alipoondoka aliacha kazi zake nyuma: kufyeka msitu, kujenga na kuezeka nyumba, kulinda mifugo. Mke alizibeba juu ya kazi alizokuwa nazo tayari, yaani kulima wimbi na mtama, kuteka maji, kutafuta kuni na kulea. Kodi haikusubiri. Ilihesabiwa kwa kila nyumba, kwa hiyo katika boma la mwenye wake wengi nyumba ya kila mke ilikuwa na deni lake. Mwaka 1918 mvua zilikosekana, kukawa na njaa, na baadaye homa ya mafua iliyoenea duniani kote ikaingia katika nyumba zilizokwisha kudhoofika.

Jambo zito zaidi lilikuwa kifo kisicho na maiti. Katika jamii za magharibi ya Kenya mtu huzikwa nyumbani, na kaburi ndilo linalothibitisha kwamba huyu alikuwa wa hapa. Mpagazi aliyefia Rufiji au Msumbiji hakuletwa. Familia nyingi za eneo hili hufanya matanga kwa kuzika shina la mgomba au tunda badala ya mwili, ili aliyepotea apumzike na waliobaki waweze kuendelea. Kabla ya hapo mke hujikuta katikati: hana mume, wala hajawa mjane anayetambuliwa. Mishahara ya maelfu ya wapagazi waliofariki haikuwafikia jamaa zao, na madai hayo yalizungushwa kwa miaka mingi mpaka yakafa.

Riwaya iliyoingia kwa kina katika vita hivi ni *Afterlives* (2020) ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Ilyas anajiunga na jeshi la Wajerumani na kumwacha dada yake mdogo, Afiya, mikononi mwa walezi. Mlezi wake anapogundua kwamba msichana huyo amejifunza kusoma na kuandika, anampiga mpaka kumvunja mkono. Afiya anajiokoa kwa kutumia kitu kilekile alichoadhibiwa kwacho: anaandika ujumbe mfupi wa kuomba msaada, nao unamfikia mtu anayeweza kumtoa. Kwa miaka inayofuata anajenga nyumba na mume huku akimsubiri kaka ambaye hana habari zake. Wasomaji wa Kiswahili wanaweza kuanza na riwaya nyingine ya Gurnah, *Paradise* (1994), inayofikia mwisho wake vita hivyo vikianza. Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa jina *Peponi* mwaka 2022.

Wajane wa Maragoli na dhahabu ya Kakamega

Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa Kakamega, na wachimbaji wa Kizungu wakamiminika katika ardhi iliyokuwa na wakazi wengi sana. Sheria ya ardhi ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya wenyeji ikichukuliwa, jamii itapewa nyingine ya kufidia. Desemba 1932 ahadi hiyo iliondolewa kwa haraka, na fidia ya fedha ikaonekana inatosha. Migodi kama Rosterman iliwaajiri wanaume wengi. Wanawake waliuza chakula kwa wachimbaji, lakini waliona mashamba yao yakipasuliwa kwa mitaro.

Uchunguzi muhimu juu ya wanawake wa kipindi hiki ni kitabu cha mwanahistoria Kenda Mutongi, *Worries of the Heart* (2007), kuhusu wajane wa Maragoli. Maragoli leo iko katika kaunti ya Vihiga, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Kakamega hadi mwaka 1990. Mutongi anaonyesha kwamba wajane hawakukaa kimya na huzuni zao. Walizitoa hadharani, mbele ya wazee wa ukoo, viongozi wa kanisa, na baadaye maofisa wa serikali na mahakama. Kwa kulia mbele za watu walimkumbusha kila mwanamume kwamba heshima yake inategemea jinsi anavyomtunza mjane. Mwanamume aliyempuuza alionekana si mwanamume kamili. Kwa njia hiyo walidai ardhi, karo za watoto na mahari ya mabinti.

Kitabu hicho ni cha historia, lakini kinampa mwandishi wa hadithi ufunguo. Ustahimilivu mara nyingi husimuliwa kama kunyamaza na kuvumilia, na mwanamke mwema wa hadithi nyingi ni yule anayemeza machungu. Wajane wa Maragoli walistahimili kwa kusema, kushtaki, kusingizia unyonge pale unyonge ulipofaa, na kuwatia aibu waliostahili aibu. Machozi yao yalikuwa na hesabu ndani yake. Hadithi inayowaonyesha hivyo huwa ya kweli zaidi kuliko ile inayowasifu kwa subira peke yake.

Kutoka Kakamega hadi Ethiopia na Burma

Vita Vikuu vya Pili viliwachukua tena vijana wa magharibi ya Kenya. Wakati huu karibu Waafrika 98,000 kutoka Kenya walitumikia jeshini, katika kikosi cha King's African Rifles na katika vikosi vya kazi, mizinga na usafirishaji. Walipigana Ethiopia mwaka 1941 na Burma mwaka 1944. Mnamo Februari 1944 meli ya *Khedive Ismail*, iliyokuwa imeondoka Mombasa, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani katika Bahari ya Hindi. Zaidi ya watu 1,200 walikufa, mamia yao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Tofauti moja na vita vya kwanza ilikuwa fedha. Askari aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ipelekwe nyumbani, na swali la nani aipokee, mke au baba wa askari, likazua ugomvi katika familia nyingi. Wakati huohuo serikali iliwatumikisha watu kwa lazima katika mashamba ya walowezi kuanzia mwaka 1942, na upungufu mkubwa wa chakula ukaikumba nchi katika miaka ya 1942 na 1943. Mwandishi anayetafuta tukio la kufungulia riwaya hahitaji kwenda Burma. Linapatikana posta, mama mkwe na mke wakiwa wamekuja kuchukua hundi moja.

Uvamizi wa Ethiopia uliotangulia kampeni ya 1941 ndio uliozaa mojawapo ya riwaya mashuhuri za Afrika Mashariki kuhusu wanawake vitani. *The Shadow King* (2019) ya Maaza Mengiste, iliyoingia orodha fupi ya Tuzo ya Booker mwaka 2020, inahusu uvamizi wa Waitalia wa mwaka 1935. Mhusika wake mkuu, Hirut, ni mtumishi wa nyumbani aliyerithi bunduki ya babake, akanyang'anywa, na hatimaye akaingia vitani. Mengiste alifanya utafiti kwa miaka mingi, katika nyaraka na picha za zamani, kabla ya kuambiwa na mamake kwamba mama wa bibi yake mwenyewe aliwahi kujiandikisha vitani na kuidai bunduki ya babake. Habari aliyoitafuta katika makavazi ya Ulaya ilikuwa nyumbani kwao.

Hali ya Hatari

Vita vya Mau Mau vya kupinga ukoloni na Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali, kuanzia Oktoba 1952 hadi Januari 1960, ndivyo vilivyozaa hadithi nyingi zaidi nchini Kenya. Katika Kenya ya Kati zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na kulindwa na askari. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, kwa hiyo vijiji hivyo vilijengwa na kuendeshwa kwa jasho la wanawake na watoto. Wanawake pia walipeleka chakula, risasi na habari msituni, na maelfu walifungwa, wengi wao katika gereza la Kamiti.

Katika *A Grain of Wheat* (1967) Ngũgĩ wa Thiong'o alimchora Mumbi, ambaye mumewe Gikonyo yuko kizuizini kwa miaka sita. Anajenga nyumba upya kijiji chao kinapohamishwa kwa nguvu, anaishi na njaa na woga, na mume anaporudi anamkuta na mtoto wa mwanamume mwingine. Riwaya haimtakasi wala haimhukumu. Inamwacha adai masharti yake kabla ya kurudiana. Katika *The Trial of Dedan Kimathi* (1976), ambayo Ngũgĩ aliandika pamoja na Micere Githae Mugo na ambayo inasomwa kwa Kiswahili kwa jina *Mzalendo Kimathi*, mwanamke asiyetajwa jina anabeba bunduki iliyofichwa ndani ya mkate. P. M. Kareithi naye aliviandika vita hivyo moja kwa moja kwa Kiswahili katika *Kaburi Bila Msalaba* (1969).

Magharibi ya Kenya ilikuwa mbali na msitu wa Nyandarua, lakini haikuwa mbali na Nairobi, ambako vijana wake walifanya kazi. *Coming to Birth* (1986) ya Marjorie Oludhe Macgoye, iliyoshinda Tuzo ya Sinclair mwaka huohuo, inamfuata Paulina, msichana wa Kijaluo wa miaka 16 anayepanda gari moshi kutoka Kisumu mwaka 1956 kumfuata mumewe katika jiji lililojaa askari na misako. Anapoteza mimba, anapigwa, anajifunza kazi ya mikono, anapata kipato chake, na mwaka 1969 anampoteza mwanawe mdogo kwa risasi ya polisi mjini Kisumu. Kila hatua ya nchi inalingana na hatua ya maisha yake.

Majirani na miaka ya karibuni

Goretti Kyomuhendo wa Uganda, katika *Waiting* (2007), anasimulia miezi ya mwisho ya utawala wa Idi Amin mwaka 1979 kupitia kwa Alinda, msichana wa miaka 13. Familia yake inalala migombani kila usiku ikiwakwepa askari wanaokimbia, na mamake anajifungua katika hali hiyo. Nadifa Mohamed, mzaliwa wa Hargeisa, aliandika *The Orchard of Lost Souls* (2013) kuhusu wanawake watatu wa rika tofauti, mmoja wao akiwa askari wa serikali, mji huo ulipokuwa ukielekea kuharibiwa mwaka 1988. Kwa kumweka askari wa kike upande wa wanaoonea, anakumbusha kwamba wanawake nao wamewahi kutumikia dhuluma.

Ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwahamisha mamia ya maelfu. Kakamega nayo haikusalimika. Riwaya ya Assumpta Matei, *Chozi la Heri*, iliyosomwa na watahiniwa wa shule za sekondari kote nchini, imewafanya vijana wengi wazungumze darasani juu ya nyumba zilizochomwa, wanawake walionajisiwa na ndoa zilizovunjika kwa sababu ya kabila. Matukio yake bado ni ya karibu mno kuitwa ya kihistoria, lakini miaka michache ijayo itasomwa hivyo.

Namna hadithi hizi zinavyotengenezwa

Mwandishi mzuri huanza na mambo yanayoweza kuthibitishwa. Kwa Kakamega yapo mengi. Idara ya makavazi ya taifa ina kituo cha kumbukumbu mjini Kakamega kwenyewe. Gideon Were na John Osogo waliandika historia za Abaluyia katika miaka ya 1960, wakiwategemea wazee waliokuwa hai wakati huo. Yapo mafaili ya mabaraza na mahakama za wenyeji, kumbukumbu za misheni kama Kaimosi na Butere, na nyimbo za matanga. Malalamiko ya mjane mmoja katika faili la mwaka 1935 yanaweza kumpa mwandishi jina la mto, idadi ya ng'ombe, sababu ya ugomvi na hasira iliyomo.

Baada ya hapo huja kubuni, na hapo ndipo penye mitego. Mtego wa kwanza ni kumvika mwanamke wa mwaka 1917 mawazo ya leo, akahutubia kuhusu haki kwa maneno ambayo hayakuwapo. Alikuwa na hoja zake kali, lakini zilitumia lugha ya ukoo, ya wafu na ya heshima. Wa pili ni kumfanya malaika. Vita huwafanya watu waibe, wadanganye na kusalitiana, na mwanamke asiye na kosa hamfundishi msomaji lolote. Wa tatu ni kuweka maneno ya uongo kinywani mwa mtu aliyeishi kweli na ambaye wajukuu wake bado wapo. Wengi hulikwepa hilo kwa kuwaacha viongozi halisi pembeni na kuwapa wahusika wa kubuni nafasi ya mbele.

Kazi nyingi zilizotajwa hapa ziliandikwa kwa Kiingereza, ilhali watu wa matukio yake waliishi kwa Kiswahili na lugha za nyumbani. Wapagazi wa Kavirondo ya Kaskazini na askari wa Burma waliamrishana kwa Kiswahili, na wengi walirudi na lugha hiyo majumbani mwao. Waliobaki nyumbani katika vita vya kwanza hawapo tena, na watoto wa askari wa vita vya pili wamezeeka. Mwenye mama au bibi wa umri huo mjini Kakamega, Mumias, Butere au Malava ana chanzo ambacho hakuna kituo cha kumbukumbu kinachoweza kukipata baadaye. Amwulize leo nani alilima shamba, nani alipokea fedha, na nini kilizikwa badala ya maiti. Ayaandike majibu, na kama ana kipaji, ayageuze kuwa riwaya ya Kiswahili.